Waziri wa Afya alipoomba kura Tanga, wazazi wa Pongwe walikuwa wanachagua nini?

Ukitoka Tanga mjini kwa barabara ya Segera, ukaiacha stendi ya Kange, Pongwe inafika kabla abiria hajasinzia. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1894, ikiwa kipande cha kwanza cha njia iliyokusudiwa kupanda Usambara. Leo kata hii inajulikana zaidi kwa mawe, chokaa, mkonge na kiwanda cha saruji. Kwenye makaratasi ni sehemu ya Jiji la Tanga. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku, Pongwe ni kilomita 14 na ushee kutoka mjini, na dereva wa bodaboda ambaye simu yake huenda imezimwa.

Uchaguzi wa Oktoba 28, 2020 ulipokaribia, familia za hapa zilikuwa na jambo ambalo majimbo mengi hayakuwa nalo. Mgombea ubunge wa CCM katika Jimbo la Tanga Mjini, ambalo Pongwe imo ndani yake, alikuwa Ummy Ally Mwalimu. Huyu alikuwa ameiongoza Wizara ya Afya kwa karibu miaka mitano mfululizo. Aliyekuwa akitetea kiti ni Mussa Mbarouk wa CUF, aliyekitwaa mwaka 2015.

Ummy alishinda. Ulikuwa uchaguzi ambao vyama vya upinzani nchi nzima vilipinga matokeo yake, na wasomaji wa Tanga wana kumbukumbu zao kuhusu siku ile. Ukurasa huu si wa siasa za vyama. Linalowahusu wazazi ni jambo jingine. Mtu anayeijua wodi ya wazazi kwa takwimu za nchi nzima anapokuja kuomba kura ya mtaa, anaweza kuahidi nini, na kipi kinabaki mikononi mwa watu wengine?

Mwanasheria aliyeingia kwenye afya

Wengi humdhania daktari. Si daktari. Ummy, mzaliwa wa Tanga wa mwaka 1973, alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akachukua shahada ya uzamili ya sheria za haki za binadamu katika Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini. Aliingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalumu, njia ambayo wanawake wengi wa Tanzania wameanzia siasa za kitaifa.

Mwaka huo huo akawa naibu waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia na Watoto. Baadaye akapita Ofisi ya Makamu wa Rais na Wizara ya Katiba na Sheria, zote kama naibu. Desemba 2015 Rais John Magufuli akamkabidhi wizara yenye jina refu: Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Jina hilo lilikuwa mzigo wenyewe. Chanjo ya mtoto, ndoa ya binti, matunzo ya bibi na dawa za hospitali ya rufaa, vyote vilikuwa vikiishia kwenye meza moja.

Wasifu wa sheria una faida yake kwenye afya, na historia ya ndoa za utotoni inaonyesha pia mipaka yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Julai 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Anayesimamia masuala ya watoto serikalini wakati huo wote alikuwa mwanasheria wa haki za binadamu, lakini hadi anaondoka kabisa Wizara ya Afya mwaka 2024 sheria ilikuwa haijarekebishwa. Waziri mmoja hawezi kubadili sheria peke yake, ni kweli. Lakini mzazi wa binti wa darasa la saba anapomsikia mgombea yeyote akitaja haki za mtoto, ana haki ya kumuuliza kuhusu kifungu hiki kwa jina.

Hesabu za wodi ya wazazi

Ukitaka kujua kipaumbele cha mgombea aliyewahi kuwa na madaraka, hotuba zake za jukwaani hazikusaidii kama mambo aliyoyasimamia alipokuwa na kalamu. Kwa Ummy, jambo lililorudi mara kwa mara ni vifo vya wajawazito.

Mwaka aliopewa wizara, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikadiria kuwa wanawake 556 walikuwa wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Ni idadi inayotisha ukiigeuza kuwa sura za watu. Novemba 2018 wizara yake ilianzisha kampeni ya "Jiongeze, Tuwavushe Salama", iliyozinduliwa Dodoma na Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Wakuu wa mikoa walitakiwa kubeba lawama za vifo hivyo kama wanavyobeba za barabara na madarasa.

Utafiti uliofuata, wa mwaka 2022, ulitoa takwimu ya 104. Akina mama wanaojifungulia vituoni walikuwa wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000.

Hapa panahitaji uangalifu. Vifo vya uzazi ni vigumu kupima kwa kuulizia nyumba kwa nyumba, kwa sababu katika sampuli ya kaya elfu kadhaa wanaokutwa wamefariki ni wachache, na wachache hao hubeba makadirio ya nchi nzima. Makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020, yanayotumia njia nyingine, yalikuwa 238. Pande zote mbili zinakubaliana kwamba vifo vimepungua sana. Zinatofautiana kuhusu kiasi gani. Mgombea wa chama tawala atapenda kutaja 104, na mpinzani wake atapenda 238. Mzazi anaweza kuzibeba zote mbili bila kumwita yeyote mwongo.

Tena kushuka huko hakukuwa kazi ya mtu mmoja. Kulikuwa na vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, wakunga waliokesha, na akina mama wenyewe walioacha kujifungulia nyumbani. Waziri huonekana kwenye picha ya uzinduzi. Mkunga aliyemzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua haonekani popote.

Mfumo wa m-mama nao unastahili kutajwa, kwa sababu unagusa moja kwa moja mahali kama Pongwe. Ulijaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa, na Aprili 2022, Ummy akiwa amerudi Wizara ya Afya, serikali ikatangaza kuupeleka nchi nzima. Wazo lake ni jepesi. Gari la wagonjwa halipo kila kata, lakini gari la mtu binafsi au teksi huwa halikosekani. Simu inapigwa 115 bila malipo, aliyepo kituo cha mawasiliano anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anampigia dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Dereva analipwa na serikali kwa simu baada ya kumfikisha mama au mtoto mchanga. Familia haitoi nauli.

Mjamzito wa Pongwe mwenye kifafa cha mimba au uzazi pingamizi anaanzia Kituo cha Afya Pongwe, na akihitaji rufaa ni Bombo. Katika safari hiyo, nusu saa ya kubishana nauli inaweza kuwa ndiyo nusu saa iliyohitajika. Namba 115 inafaa iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki na ukutani karibu na swichi ya taa, mahali ambapo baba mwenye hofu ataiona hata gizani.

Kipaumbele kingine kilichowafikia mabinti moja kwa moja ni chanjo ya HPV dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayowasumbua zaidi wanawake nchini. Aprili 2018 ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Aprili 2024 ratiba ikabadilika: dozi moja inatosha, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Minong'ono kwamba inaharibu kizazi ilivuma pwani kama kwingineko, na bado inavuma. Haina ushahidi. Inachozuia ni maambukizi ya kirusi ambacho, miaka ishirini baadaye, huweza kumleta mwanamke hospitalini akiwa amechelewa.

Pale rekodi inapouma

Machi 16, 2020 Ummy ndiye aliyesimama mbele ya vyombo vya habari kutangaza mgonjwa wa kwanza wa corona Tanzania, msafiri aliyerudi kutoka Ubelgiji na kugundulika Arusha. Kwa wiki kadhaa wizara ilitoa idadi ya wagonjwa. Mwanzoni mwa Mei idadi ilisimama kwenye 509, na nchi ikaacha kutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Miezi mitano baada ya ukimya huo kuanza, waziri huyo alikuwa jukwaani Tanga akiomba kura.

Msimamo ule ulikuwa wa serikali nzima na ulitoka juu kabisa. Hata hivyo, ni sehemu ya wasifu wa mgombea, kama ilivyo chanjo na m-mama. Familia zilizouguza mtu nyumbani mwaka ule kwa kujifukiza, bila kujua ugonjwa umeenea kiasi gani mtaani, zilihitaji namba zile.

Jambo la pili linalouma limekuja baada ya ubunge, na wazazi wengi wanalikumbuka kuliko corona. Ni Toto Afya Kadi. Kwa Sh50,400 kwa mwaka, mtoto aliyekuwa chini ya miaka 18 aliweza kutibiwa kwa bima ya NHIF hata kama wazazi wake hawakuwa wanachama. Kwa mfanyabiashara wa genge au mama anayeuza vitumbua, ilikuwa ndiyo bima pekee aliyoweza kuimudu. Machi 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuwaelekeza wazazi kusajili watoto kupitia shule au kuingia kwenye vifurushi vya familia.

Sababu iliyotolewa ina mantiki ya bima: wazazi wengi walikuwa wakikata kadi mtoto akiwa tayari mgonjwa, michango ikawa midogo na madai makubwa. Bima haiwezi kuishi hivyo. Lakini mtoto wa miaka miwili hana shule ya kumsajili, na mtoto mwenye selimundu au tundu kwenye moyo hawezi kusubiri hesabu zikae sawa. Kwa wazazi wa watoto hao, uamuzi ule ulikuwa mchungu, na uliwakuta Ummy akiwa waziri wa afya na, kwa watu wa Pongwe, akiwa pia mbunge wao.

Jibu la serikali lilikuwa Bima ya Afya kwa Wote. Muswada ulifika bungeni kwa mara ya kwanza Septemba 2022, na kiwango kilichotajwa cha Sh340,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kilizua kelele. Ukaondolewa, ukarudi umebadilishwa, na Bunge likaupitisha Novemba 2, 2023. Sheria ikawepo. Mzazi wa kipato cha kukisia, leo ana elfu ishirini na kesho hana kitu, alibaki na swali lile lile la michango: nani ataamua kwamba familia yangu haina uwezo, na ataamua kwa kuangalia nini?

Ummy aliondoka Wizara ya Afya Agosti 2024.

Ng'ambo ya Horohoro wanamchagua gavana

Wadigo wa Tanga wana ndugu zao Kwale, upande wa Kenya, na harusi na misiba huvuka mpaka wa Horohoro kila wiki. Ndugu hao wanapokutana na mazungumzo yakageukia hospitali, hugundua kwamba wanalalamikia watu tofauti.

Kwale kuna gavana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja na gavana anayechaguliwa kwa kura, na magavana wa kwanza walichaguliwa Machi 2013. Hospitali za kaunti, zahanati, magari ya wagonjwa na ajira za wauguzi viko chini ya serikali ya kaunti. Agosti 2022 Kwale, kaunti yenye watu 866,820 kwa sensa ya 2019, ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana. Naye ni mwanasheria. Alikuwa ametumikia kama naibu wa gavana Salim Mvurya kwa vipindi viwili. Uchaguzi huo ulitoa magavana wanawake saba nchi nzima, na Achani ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana katika kaunti za Pwani ya Kenya.

Kwa hiyo mama wa Lunga Lunga akikosa dawa ya mtoto zahanati, anajua jina la mtu aliyeomba kura kwa ahadi ya dawa. Hata ufadhili wa masomo ulioipa Kwale sifa, ule wa "Elimu ni Sasa" ulioanza enzi za Mvurya, ulitoka kwenye bajeti ya kaunti, na wagombea walihojiwa kama wataundeleza.

Tanga hakuna gavana. Kuna mkuu wa mkoa, lakini huyo anateuliwa na Rais na anaweza kuhamishwa kesho kwa taarifa ya Ikulu. Mkoa wa Tanga una watu 2,615,597 kwa sensa ya 2022, mara tatu ya Kwale, na hakuna hata mmoja wao aliyempigia kura mkuu wa mkoa.

Si kwamba mfumo wa jirani ni pepo. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kwa miezi mitano, Juni hadi Novemba, huku serikali kuu na magavana wakitupiana mpira kuhusu nani atie saini makubaliano na nani alipe. Wodi zilifungwa. Mjamzito hakuwa na faida ya kujua jina la gavana wake. Lakini tofauti hiyo inasaidia kuona kitu ambacho Tanga hufichika: mgombea ubunge hagombei kuendesha hospitali.

Funguo ziko kwa nani

Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti ya nchi na kuibana serikali. Anaingia pia kwenye baraza la madiwani kama mjumbe, na anaongoza kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, fedha ambazo zinaweza kumalizia jengo au kununua vitanda, si kulipa mshahara wa mganga.

Kituo cha Afya Pongwe ni mali ya Halmashauri ya Jiji la Tanga, na halmashauri ziko chini ya Tamisemi. Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, ilihamishiwa Wizara ya Afya mwishoni mwa 2017 kwa agizo la Rais Magufuli. Mgonjwa mmoja anayepewa rufaa kutoka Pongwe kwenda Bombo anavuka mpaka wa wizara mbili ndani ya safari moja ya gari, bila yeye kujua.

Ni hapa wasifu wa Ummy unapokuwa wa pekee. Kuanzia mwishoni mwa Machi 2021 hadi Januari 2022, mbunge huyu alikuwa waziri wa Tamisemi, yaani bosi wa halmashauri zote, ikiwamo ya jimboni kwake. Ni kipindi kile tozo za miamala ya simu, zilizowaudhi wengi kuanzia Julai 2021, zilielekezwa kwa sehemu kujenga vituo vya afya vya tarafa zaidi ya 200, na mkopo wa Sh1.3 trilioni wa kukabiliana na athari za corona ukajenga madarasa 15,000. Kisha akarudi afya. Kwa nyakati tofauti, funguo za kituo cha Pongwe na za Bombo zote zimepita mkononi mwake. Wabunge wengi hawatapata hata moja.

Mpiga kura hapaswi kulitegemea hilo. Uwaziri ni uteuzi na unaweza kuisha siku yoyote, huku ubunge ukiendelea. Mgombea anayeahidi jukwaani mambo ya waziri anaahidi kitu ambacho hajapewa na huenda asipewe.

Ahadi zenyewe zinaweza kupimwa kwa kuuliza zitalipwa na fungu gani. Mgombea ubunge akisema kituo kitapata daktari, ajue kwamba ajira ni kibali cha serikali kuu na upangaji ni wa Tamisemi. Anachoweza kuahidi kwa haki ni kuulizia bungeni na kufuatilia. Akisema dawa zitakuwepo, dawa hununuliwa Bohari ya Dawa kwa fedha za serikali na makusanyo ya kituo chenyewe. Akisema wajawazito watatibiwa bure, hiyo si ahadi mpya. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilishasema wajawazito na watoto chini ya miaka mitano hawalipi kwenye vituo vya umma. Kuna wajawazito ambao bado huambiwa waje na glovu, pamba na nyuzi. Hapo swali ni kwa nini vifaa vinapungua, na jibu linapatikana karibu zaidi kuliko Dodoma.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kukaa halmashauri. Matumizi yake hupitishwa na kamati ya usimamizi wa kituo, na ndani ya kamati hiyo wamo wananchi wa kawaida wa eneo husika. Wanajua kituo kimepokea kiasi gani robo hii ya mwaka, kimenunua nini, na kwa nini glovu zimeisha kabla ya mwezi. Wazazi wengi hawajui kamati hiyo ipo, sembuse majina ya wajumbe wake. Mganga mfawidhi anayajua. Mwenyekiti wa mtaa pia.

Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa Januari 2024 ukilenga watu 137,294 kwa miaka mitano, unakusudia kumleta mhudumu hadi mlangoni: kupima lishe ya mtoto, kumkumbusha mjamzito kliniki, kutambua dalili za hatari. Hawa nao wanachaguliwa kwa kushirikisha mtaa wenyewe. Mama anayefahamika kwa kutunza siri za watu anaweza kupendekezwa na majirani zake, na akakosa nafasi kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kwenye mkutano.

Na kuna diwani. Bajeti ya kituo cha afya, ukarabati wa wodi na kiasi gani cha mapato ya ndani kiende afya badala ya kwingine hupita kwenye baraza la madiwani. Baada ya uchaguzi wa 2015 baraza la Tanga liliingia kwenye mvutano mrefu wa CUF na CCM kuhusu nani ni meya, na mjini watu walizungumzia mvutano huo kama mechi ya Coastal Union. Ni wachache waliouliza baraza lisipokaa vizuri bajeti ya zahanati inapitishwa na nani.

Oktoba 2020 mpiga kura wa Pongwe alikabidhiwa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mikutano mikubwa, magari ya matangazo na fulana zilikuwa za karatasi mbili za kwanza. Ya tatu ilikuwa na jina la mtu ambaye pengine anaswali msikiti ule ule, au mtoto wake anasoma darasa moja na wa kwao, na ambaye bado anaweza kukutwa barabarani asubuhi akisubiri daladala ya kwenda mjini.